Meno Mawili ya Mfalme, Jino Moja la Mwanangu

Wenzangu wa nyumba yetu ya wafanyakazi hapa Abu Hamour, Doha, tangu nirudi mmeniuliza mmoja mmoja: jikoni, kwenye basi la kazini, hata mlangoni pa choo nikiwa na haraka zangu. Kila mmoja anataka kusikia yote, na kila mmoja ananikatiza katikati ili anieleze yeye angefanya nini. Basi nimeandika. Pokezaneni karatasi, someni kimya, na mwenye ushauri ajue kwamba amechelewa. Habari za likizo, tiketi na mihuri nimeziruka. Mnazijua, na asiyezijua Mungu amzidishie kutozijua.

Abu Hamour: chumba cha mwaka mmoja

Kwa waliohamia juzi: mimi ni Mbwana, mtu wa Tanga, mlinzi. Kazi yangu ni kusimama. Wenzangu walijaliwa vichwa, mimi nikajaliwa miguu. Mwaka huu nilipangwa kwenye maonyesho ya vitu vya wafalme wa Ufaransa, vilivyoazimwa kwao vikaletwa Doha, na katika vyumba vyote nikapewa cha mwaka 1638. Chumba kizima, mwaka mmoja. Kwetu mtu anaishi miaka themanini na hapati hata pembe ya ukuta.

Dada wa Kilebanoni aliyekuwa akiwatembeza wageni alisimulia maneno yaleyale mara nne kwa siku, kwa Kiingereza, na mimi nilisikiliza kwa kuwa sikuruhusiwa kukaa, kushika simu wala kusinzia. Baada ya miezi mitatu ningeweza kumzalisha yule malkia mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye ndoa karibu miaka ishirini na mitatu bila mtoto, na watu wa ikulu wamemsema mpaka midomo imewakauka. Halafu, wanavyosimulia, mvua kubwa ikamnasa mfalme mjini akakosa pa kulala ila kwa mkewe. Mambo makubwa ya dunia ndivyo yanavyoanza. Mwezi wa pili wa 1638 mfalme akaiweka nchi nzima chini ya ulinzi wa Bibi Mariamu, na mwezi wa tisa akazaliwa mtoto wa kiume, chumba kimejaa wakubwa wa nchi wakishuhudia, maana kwao malkia hakuzaa faraghani. Mizinga ikapigwa, mioto ikawashwa barabarani. Mtoto akaitwa Louis, na jina la pili lenye maana ya aliyetolewa na Mungu, ambalo kwetu ni Majaliwa tu. Mwezi huohuo, huko Uhispania, akazaliwa binti atakayekuja kuwa mke wake. Watu wana mipango!

Na huyo Majaliwa wa Kifaransa alizaliwa na meno mawili. Wageni wakifika hapo hucheka. Dada huwaeleza kwamba wanawake wa kumnyonyesha walibadilishwa mmoja baada ya mwingine kwa kuumwa, wageni wanacheka tena, halafu wanaambiwa mtoto huyo ndiye aliyekuja kutawala miaka sabini na miwili.

Mimi sikucheka, maana kwetu mtoto wa namna hiyo ana jina. Anaitwa kigego. Akizaliwa na jino, au akiota ya juu kabla ya chini, wazee husema amekuja na msiba nyumbani. Zamani hakuachwa akaishi. Siku hizi tumestaarabika: hupelekwa tu kwa watu wa mbali, akalelewe huko yeye na msiba wake.

Jumanne moja mke wangu Mwanahawa akanipigia. Baada ya miaka tisa ya ndoa (mimi sikungoja mvua, nilingoja likizo) alikuwa amejifungua Jumatatu alfajiri, mtoto wa kiume, mzima. Nilipiga kelele mpaka Otieno akatoka bafuni na povu kichwani. Halafu Mwanahawa akasema, "Ana jino. La chini, moja. Limesimama kabisa."

Nesi alisema ni jambo la kawaida, huwatokea watoto. Mama yangu alisema mtoto hapewi jina. Hakuna akika, mbuzi wake hachinjwi. Siku ya saba, yaani Jumapili, jua likizama hana jina, Jumatatu atapelekwa Pangani kwa watu ambao hata undugu nao tunaukisia.

"Amekasirika?" nikauliza.

"Hajakasirika. Anapika, ananikanda, ananipa uji. Ila mtoto hamgusi. Hata kumtazama hamtazami."

"Nitaongea naye kwa simu."

"Simu inazimwa, mume wangu. Baba akisimama mwenyewe akataja jina mbele ya watu, hakuna wa kulifuta. Njoo."

Otieno, mnamjua, mtu wa Kisumu, mlinzi mwenzangu wa chumba cha viti vya enzi. Akanisaidia kufunga begi huku akinipa mawaidha. "Budaa, usiwe na wasi. Wewe uko na story noma. Mwambie mathe kuna mtoi alizaliwa na meno mbili, na bado akakuwa king. Seventy-two years! Atasema nini?"

Nikaona amesema la maana. Ndilo kosa langu la kwanza katika safari hii.

Al Wakrah: njia ya mkato

Ndege ilikuwa Jumamosi saa mbili asubuhi. Kutoka hapa Abu Hamour mpaka uwanjani mtu mwenye akili hutumia dakika ishirini. Mimi nilipita Al Wakrah.

Mnajua desturi yetu. Ukisema unakwenda nyumbani, tayari umekuwa posta. Dada Saumu, anayefanya kazi za ndani huko Al Wakrah, alikuwa na "kamzigo kadogo" ka mama yake wa Tanga, na kwa kuwa aliwahi kunipikia wali nikiwa na homa, sikuwa na ulimi wa kukataa. Aliyenipeleka ni yule dereva Mganda tunayemwita Ssalongo, jina la heshima ambalo kwao hupewa baba wa mapacha. Jina lake halisi silijui, na nadhani naye amelisahau.

Kamzigo kadogo kalikuwa sufuria la presha, lile kubwa la kulishia harusi, limefungwa gundi ya karatasi mzunguko baada ya mzunguko. Dada Saumu alilileta getini amelikumbatia, akaliweka mapajani mwangu, akasema, "Kaka Mbwana, usilifungue, nimelipanga vizuri." Tulipogeuka kurudi, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka baharini, na barabara ilikuwa haipo.

Al Thumama: mapacha na chai

Magari yalikwenda mwendo wa maiti. Tulipofika Al Thumama, Ssalongo akasimama kabisa, akanunua chai mbili za maziwa zile za iliki na chapati nyembamba ya jibini, akala yake na nusu ya yangu.

"Sasa wewe unaogopa jino moja?" akaniuliza. "Mimi nilipata watu wawili siku moja. Kwetu mapacha ukikosea kufanya mila yao, wanakuunguza. Mimi nilicheza ngoma mbele ya shemeji yangu, mtu mzima, na majani kichwani!"

"Na hawakukuunguza?"

"Bado. Lakini wanakula, ssebo! Wanakula kupita moto."

Nikamweleza habari za mfalme. Akasikiliza kwa makini, akauliza kama 1638 kulikuwa na mapacha pia. Nikamwambia hapana. Akapoteza hamu.

Uwanja wa ndege: sufuria la watu

Tulifika nikidhani nimechelewa. Wapi! Hakuna ndege iliyokuwa ikiruka. Ukungu umewakalia wote, tajiri na mlinzi, usawa ambao sijauona siku nyingine katika mji huu.

Lakini kabla ya kukaa nilipaswa kujibu kuhusu sufuria. Kijana wa ukaguzi aliliangalia kwenye mashine, akamwita mwenzake, yule akamwita mkubwa wao. Nikaulizwa ndani mna nini. Nikajibu kwa unyofu kwamba sijui. Wenzangu, jibu hilo msilitumie. Nimekuwa mlinzi miaka sita na mwenyewe ningemkamata mtu wa hivyo. Gundi ikabanduliwa, mfuniko ukafunguliwa. Mlikuwa na tende, maziwa ya unga, kofia tano, udi, na katikati kabisa, limefungwa kwa kanga, sufuria dogo la presha. Nalo likafunguliwa. Mlikuwa na ndimu kavu. Mkubwa wao alinusa ndimu moja, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Yalla, rafiki, nenda."

Nilikaa pale mpaka saa saba mchana. Nilipiga hesabu ya jua kwenye vidole: nikifika Dar jioni, mabasi ya Tanga yamekwisha. Nikiondoka Jumapili alfajiri, nafika mchana. Jua linazama saa kumi na mbili na ushee. Pancha moja, ng'ombe mmoja barabarani, na mwanangu ni wa Pangani. Nilijifanya nasoma ubao wa ndege ili watu wasinione machozi.

Angani: Mfaransa asiyejua kwao

Mungu ana utani wake. Kiti cha pembeni yangu alikaa Mfaransa, mzee mwekundu mwenye kofia ya jua, anakwenda kutazama tembo. Nikaona hii ndiyo fursa ya kupata maneno ya nyongeza kutoka kwa mwenyewe. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha kusimama kuhusu 1638.

Hakujua kitu. Nikamkumbusha mvua. Hakujua mvua. Nikamtajia meno mawili, akashika meno yake akidhani nataka daktari, akanipa dawa ya maumivu. Niliimeza kwa adabu. Nikamsimulia mwaka wote, mwezi kwa mwezi, naye akawa anaitikia kama mgeni msibani. Mwishoni akapitisha kidole shingoni, krrr, akacheka. Nikasogea dirishani. Ikabidi achore kwenye karatasi ya kutapikia ndipo nikaelewa: alikuwa akinieleza kwamba mfalme na malkia wao baadaye waliwakata vichwa, ndiyo maana hawahangaiki sana na tarehe zao za kuzaliwa.

Chakula kilikuwa kuku. Au samaki. Hata mhudumu hakuwa na hakika.

Dar mpaka Tanga: pancha na machungwa

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi liliondoka kwa wakati. Nikaogopa zaidi. Na kweli, baada ya Chalinze tairi likapasuka. Kondakta akatutangazia kwamba ni dakika kumi. Kwa heshima yake sitataja ni saa ngapi zilikuwa hizo dakika kumi.

Abiria walishuka wakakaa kwenye nyasi. Mama mmoja mwenye kikapu akaniona nazunguka tairi kama mwizi wa tairi, akaniuliza nina nini. Nikamwambia mtoto wangu hana jina na leo ni siku ya saba. Sikumwambia la jino. Akainuka, mtu mzima yule, akaenda kumsimamia fundi kichwani, akawa anamhesabia nati kwa sauti. Fundi akamaliza upesi ili apate kupumua. Tulipofika Muheza mama huyo akaninunulia machungwa, akaniambia, "Ukifika, mpe jina kabla hujanywa maji." Jina la mama huyo sikumwuliza, na mpaka leo najilaumu.

Ngamiani, Tanga: Jumapili, saa tisa na nusu

Mwanahawa alikuwa amemwomba kaka yake anunue mbuzi kwa siri na kumficha kwa jirani. Siri gani! Nilimsikia mbuzi tangu barabarani.

Mama alikuwa uani kwenye mkeka, anachambua mchicha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda," akasema. "Huyo mbuzi wa jirani analia tangu Ijumaa. Nikajua utakuja."

Niliingia ndani kwanza. Mwanahawa alinipa mtoto. Alikuwa mwekundu, amekunja ngumi, na alipopiga mwayo nikaliona, jeupe, dogo kama punje ya mchele. Nilimpenda pale pale, na jino lake.

"Ananiuma," Mwanahawa akasema.

"Hata yule mfalme aliwauma wanawake wake."

"Malkia alimnyonyesha mwenyewe?"

"Hapana, kulikuwa na wa kumnyonyesha."

"Ndiyo maana wakapiga mizinga," akasema.

Nikatoka nikakaa mkekani. Nikamweleza Mama mwaka 1638 kuanzia mwanzo, na wenzangu, nilieleza vizuri kuliko yule dada wa Kilebanoni. Mama alisikiliza. Miaka ishirini na mitatu bila mtoto, akasema maskini. Kuzaa mbele ya wakubwa wa nchi, akasema hao hawana haya. Shehe wa mtaa, aliyekuwa amefika mapema kwa ajili ya akika ambayo hakuna aliyeikubali, naye akasogea kusikiliza.

"Na alizaliwa na meno mawili, Mama. Mawili! Huyu wetu ana moja tu. Akatawala miaka sabini na miwili." Nikakaa vizuri kama wakili aliyemaliza kesi.

Mama akachambua tawi moja, akaliweka. "Na babake?"

"Babake alikuwa mfalme."

"Umeshasema. Nakuuliza aliishi?"

Ningeweza kudanganya. Nani angemwambia, Mfaransa wangu? Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye mno, ananitazama.

"Alifariki."

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Minne. Hajatimiza mitano."

Shehe akaanza kusema kwamba hayo ni mambo ya bahati tu, ni ushirikina, kila nafsi na ajali yake. Mama akamgeukia. "Wewe shehe unao watoto wanane," akamwambia. Kisha kwangu: "Nesi kaja, shehe kaja, mkeo kanililia, na wewe umekuja na mfalme. Wote mnanieleza habari za mtoto. Mimi nilizika watatu kabla yako, Mbwana, na babako juu yao. Umebaki wewe. Mnadhani namchukia yule kiumbe? Namwogopa. Kigego hamli jirani. Humla yule anayemwita mwanangu."

Nilikuwa nimevuka bahari na hoja, nikaenda kumpa hoja hiyo yeye. Siku zote hizo nilimwona Mama kuwa mwanamke wa roho ngumu, nikampangia maneno makali njia nzima, kumbe aliyekuwa akilindwa ni mimi. Niliona aibu, wenzangu, aibu ya kweli, isiyo na mzaha ndani yake.

"Nitampa jina hivyohivyo," nikasema. "Nikifa, nimekufa."

"Usiniletee neno hilo kwenye nyumba yangu!"

Akainuka. Nikajua anakwenda kumwita mtu wa kumpeleka mtoto Pangani. Akaenda kwenye ndoo akanawa mikono, akaikausha kwa kanga, akaingia ndani. Tulipomfuata alikuwa amesimama mbele ya Mwanahawa amenyoosha mikono, na Mwanahawa amembana mtoto kifuani, hampi. Walitazamana. Halafu akampa.

Mama alimshika mjukuu wake kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akamfungua mdomo kwa kidole, akalitazama jino.

"Nisikilize, wewe," akamwambia. "Wewe ni mwanangu. Mamako ni mimi. Babako alishakufa zamani, yuko makaburini, hana cha kuliwa. Hawa wawili si wako. Ukitaka kula, utaanza na mimi, na mimi nimeshazeeka, sina nyama."

Shehe akakohoa. Nadhani kulikuwa na mahali pa kusahihisha dini hapo, lakini alimtazama Mama, akaona afadhali asubiri pilau.

Kisha Mama akanigeukia, mtoto begani. "Mbwana. Huyu ni mdogo wako. Mpe jina mdogo wako, jua linazama."

Nikamwadhinia sikio la kulia. Nikamwita Majaliwa.

Doha tena

Mbuzi alichinjwa, sufuria likafika kwa mwenyewe pamoja na mwanawe wa ndani, nami nikakaa wiki mbili nikipewa maagizo ya jinsi ya kumbeba mdogo wangu. Otieno anataka nikiri kwamba mfalme wake alisaidia. Nakiri: bila yeye Mama asingeniambia anachokiogopa. Ila asinishauri tena.

Masharti yanaendelea mpaka leo. Nikipiga simu siruhusiwi kusema mwanangu. Nikisahau, Mama hukata, na lazima nipige upya kwa fedheha. Mwanahawa anacheka huko nyuma, yeye ambaye sasa ni shemeji wa mtoto aliyemzaa. Basi nauliza kama nilivyofundishwa.

"Mdogo wangu hajambo?"

"Mwanangu hajambo. Ameota la pili." Halafu, kila siku, Mama huuliza swali lilelile. "Na wewe, upo?"

"Nipo, Mama."

Namsikia akishusha pumzi, akigeuka, akimwambia mtoto, "Umesikia? Kaka yako yupo."